Breki za Gari la Zamu

Mshonaji alifika kwa mama yake Jumapili ile na gari linalolia kiasi kwamba majirani walijua anakuja kabla hajakata kona. Kila alipogusa breki, chuma kilikwaruza chuma kwa sauti ya kutia meno ganzi. Yeye mwenyewe hakuona haya hata kidogo. Wiki iliyotangulia gari lilikuwa mikononi mwa mdogo wake, na kwa hesabu zake yeye, pedi za breki zikiisha, basi zimeisha kwenye zamu ya mwenzake.

Gari lilikuwa la zamu. Baba yao alipofariki aliacha gari moja na watoto wawili, na hakuacha neno juu ya nani achukue nini. Mama yao alikata shauri papo hapo: wiki hii la dada, wiki ijayo la mdogo, na makabidhiano yafanyike mlangoni kwake kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Asiyekula hapewi ufunguo. Waliomsikia walisema mwanamke huyu ana busara za hakimu. Busara gani? Alikuwa na hamu ya kuwaona watoto wake, na chambo alikiona kimeegeshwa nje.

Maana kabla ya hapo dada na mdogo wake walikuwa wakionana kwenye harusi na misiba tu. Si kwamba waligombana. Afadhali wangegombana, kwa sababu wagombanao hutafutana. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake: dada na cherehani yake na sare za shule zisizokwisha, mdogo na wodi yake hospitalini, ambako ni muuguzi, ingawa nyumbani walikwisha kumwita Daktari tangu utotoni alipomfunga paka bendeji miguu yote minne. Miezi ilipita hivi hivi. Gari ndilo lililowarudisha kwenye meza moja.

Sasa, siku ya Ijumaa mama alikuwa amempigia Mshonaji simu. Siri kwa mama huyu ilikuwa maji kwenye pakacha.

"Mdogo wako amepewa nyumba ya wafanyakazi," alisema. "Mbele ya hospitali kabisa, anavuka barabara tu yuko kazini. Gari halihitaji tena. Jumapili anataka kukuachia nusu yake, liwe lako moja kwa moja. Lakini mimi sijakwambia kitu."

"Hujaniambia kitu, mama," alijibu Mshonaji. Akakata simu, kisha akashona mkono wa kulia wa shati kwenye bega la kushoto.

Gari zima! Mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye alikaa mbele ya cherehani akiwaza kwamba gari likiwa lake peke yake hakutakuwa na cha kukabidhiana, na kisipokuwepo cha kukabidhiana, Daktari hatakuwa na cha kumleta Jumapili. Watarudi kwenye harusi na misiba. Alimpenda mdogo wake, na hilo hakuwahi kumwambia, kwa kuwa katika familia ile mtu alionyeshwa mapenzi kwa kuchekwa, na aliyechekwa sana ndiye aliyependwa sana. Angeanzaje leo kumwambia uso kwa uso kwamba anataka awe anakuja? Angedhani anaumwa.

Basi akapanga mpango. Kitu hakikabidhiwi kibovu. Pedi zimekwisha, zibadilishwe kwanza, na zibadilishwe na yeye Daktari. Kwa jinsi kijana huyo alivyo mwangalifu, mtu anayesoma maelekezo ya sabuni kabla ya kunawa, kazi hiyo ingemchukua mwezi mzima wa Jumapili.

Daktari alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni.

"Shikamoo, dada. Nimekusikia tangu ukiwa barabara kuu."

"Marahaba. Ulichosikia ni pedi ulizozila. Wiki nzima natembea kwa kilio kama nimefiwa."

"Mimi? Mimi nakanyaga breki kistaarabu. Wewe ndiye unazikanyaga kama pedali ya cherehani."

"Kama ni mimi kama ni wewe, mpaka pedi zibadilishwe, hapa hakuna makabidhiano ya aina yoyote."

Mama, aliyekuwa akipanga sahani, ghafla aliona sahani moja ina doa na kuanza kuisugua kwa bidii.

Mshonaji akasubiri mdogo wake aanze kulalamika. Badala yake Daktari alinyoosha mkono nyuma ya mlango akavuta mfuko mzito: jeki, spana, stendi mbili za chuma za kuazima, jiriwa la kubania, kopo la grisi na boksi la pedi mpya.

"Nilijua," alisema. "Nataka gari hili leo liwe zima kabisa." Alisema kwa sauti ya mtu mwenye jambo moyoni, na mpango wa mwezi mzima ukafa pale pale mlangoni.

Walikula. Mshonaji alitafuna kila tonge mpaka likachoka.

"Chakula kina mifupa leo?" mama akauliza.

"Kitamu, mama. Sitaki kiishe."

"Kimeshapoa hicho," alisema mama, na kumwondolea sahani.

Gari lilikuwa kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba. Daktari aliweka mawe nyuma ya tairi za nyuma, akavuta breki ya mkono, akalegeza nati, akainua mbele kwa jeki na kuliketisha gari juu ya stendi. Kisha akatandika taulo jeupe chini, akapanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa na kuvaa glavu za hospitali. Mama alileta kiti chake akakaa mbele ya boneti, anakoona pande zote mbili.

"Mgonjwa hajala tangu jana?" Mshonaji akauliza.

"Cheka tu. Tuanze na tairi moja, tukimaliza tuhamie ya pili."

Hapo Mshonaji akaona upenyo. Gari haliondoki kwa tairi moja. Akijichukulia upande wake, anaweza kujikokota nao mpaka jua lizame, na mwenye kutaka kukabidhi akabidhi Jumapili nyingine.

"Wewe kulia, mimi kushoto," akasema. "Nusu kwa nusu, kama kawaida yetu."

"Unajua kufungua breki?"

"Mimi nafumua koti lenye bitana na kulirudisha mwenye nalo asijue. Hii ina bolti mbili."

Ulikuwa mpango mzuri, na ungefaulu kwa ndugu wengine. Hawa hawakuwahi kufanya kitu kimoja sambamba bila kushindana, hata kuvua viatu. Mara tu aliposikia nati ya kwanza ya mdogo wake ikidondoka kwenye saruji, mikono ya Mshonaji ilisahau ilichotumwa. Ikashika spana na kukimbia. Mwenye mikono alikuja kuchelewesha kazi, na sasa alikuwa akihema.

Tairi zikatoka. Kila mmoja akafungua kalipa, lile taya la chuma linalozibana pedi kwenye diski, akalining'iniza pembeni ili lisivute mpira wa mafuta: Daktari kwa bendeji, dada yake kwa ukanda wa kitambaa cha sare. Kila mmoja akachomoa pedi zake kuukuu na kuzitazama. Zilibaki vibati tu.

"Zako zikoje?" Mshonaji aliuliza kupitia chini ya gari.

"Zina hali nzuri kiasi. Zako?"

"Mpya kabisa."

Pedi mpya ni nene, hazipiti mpaka pistoni, ule mchi wa chuma ndani ya kalipa, irudishwe nyumbani kwake. Mshonaji alitoa kwenye buti jiriwa analobania ubao wa kukatia vitambaa, akaliweka, akazungusha. Pistoni ikaingia pole pole mpaka ikazama. Akaondoa jiriwa, akafuta mikono, akageuka kuchukua pedi mpya. Aliporudisha macho, pistoni ilikuwa imetoka tena, imechungulia kama kobe.

Akaitazama. Akatazama kushoto na kulia. Kusema kwamba imemshinda lilikuwa jambo lisilowezekana, kwa hiyo akarudisha jiriwa akaisukuma upya, safari hii kwa hasira kidogo. Ng'ambo ya gari ikasikika "Aa!" ndogo.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," alisema Daktari. "Kwako?"

"Safi kabisa."

Akaondoa jiriwa. Pistoni ikatulia. Akashukuru moyoni, akafungua boksi, akachagua pedi, na mbele ya macho yake pistoni ikaanza kutoka, taratibu, bila haya. Akaibana. "Aa!" ng'ambo. Akaachia. Ikatoka. Jasho likaanza kumtiririka. Alifikiri kalipa limeharibika, kisha akafikiri ameliharibu yeye, na la kumuuma zaidi ni kwamba kule upande wa pili mdogo wake, bila shaka, alikuwa anakaribia kumaliza.

Mama alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Mama, unalia?" Daktari akauliza, akiinua kichwa.

"Nalia nini? Nacheka mpaka mbavu zinaniuma!" Akapangusa macho. "Akisukuma huyu, ya yule inatoka. Akisukuma yule, ya huyu inatoka. Mnarushiana tu tangu mlipoanza. Na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo akamwambia mwenzake. Nani aliwanyonyesha nyie?"

Wale wawili wakasimama, wakatazamana juu ya boneti.

"Kwako inatoka?" Daktari akauliza.

"Kwako je?"

"Tangu ya kwanza."

"Na ukasema hakuna kitu!"

"Na wewe ukasema safi kabisa." Daktari akatazama boneti. "Dada, kifuniko cha mafuta ya breki umekifungua?"

"Nilidhani umefungua wewe, mwenye glavu."

Wakafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa pomoni na kifuniko chake kimekazwa kama mtungi wa sumu. Mafuta yaliyosukumwa hayakuwa na pa kupandia, basi yakakimbilia upande wa ndugu wa pili. Daktari akafungua kifuniko, akachomoa kwenye mfuko bomba la sindano lisilo na sindano, na kuanza kuvuta mafuta kidogo kidogo.

"Mgonjwa anachomwa wapi?" dada yake akauliza, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na Daktari naye akacheka, na mama akasema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na tena mwiname wote wawili upande mmoja.

Ndivyo walivyofanya. Daktari alibana pistoni yake kwa jiriwa ili isichungulie tena, kisha akahamia upande wa dada yake. Wakachuchumaa bega kwa bega. Pistoni ikaingia na kukaa kimya.

"Dada," akasema Daktari, "kuna jambo nataka..."

"Shika hapa."

Akashika. Mshonaji akapaka grisi kwenye masikio ya pedi, mbali na uso wake unaobana diski, akazichomeka.

"Ni kuhusu hili gari. Unajua mimi siku hizi..."

"Kitambaa."

Akampa kitambaa. Kalipa likarudi, bolti zikakazwa. Wakahamia kulia, na huko nako, katikati ya kazi, akajaribu tena.

"Dada, nilikuwa nasema..."

"Sema na hiyo bolti, bado inacheza."

Mama akaitwa kwenye usukani kukanyaga breki kabla gari halijashuka.

"Imezama mpaka chini!" akapiga kelele. "Mmeiua!"

"Kanyaga tena, mama. Polepole. Mafuta yanarudi mahali pake."

Akakanyaga tena na tena, akiegemea kama anayepanda ngazi, mpaka akasema pedali imekuwa ngumu na inamsukuma. Daktari akatazama mafuta, akafunga kifuniko. Tairi zikarudi, gari likashuka, nati zikakazwa.

Kazi ikawa imekwisha. Mshonaji aliitafuta nyingine. Akamwagia maji mahali palipodondokewa na mafuta ya breki yasije yakala rangi. Akafuta rimu. Akafuta taa. Alipoanza kufuta vipangusio vya kioo, ambavyo kazi yao yenyewe ni kufuta, Daktari akamshika mkono.

"Imetosha, dada."

Mshonaji akachomoa ufunguo mfukoni haraka, akaunyoosha mbele. "Haya, zamu yako. Chukua uende."

Daktari akaweka mikono nyuma. "Baki nao. Nimepata nyumba karibu na kazi, gari silihitaji. Nilitaka likufikie likiwa zima, ndiyo maana nilikuja na pedi. Ni lako lote."

"Silitaki."

Daktari akacheka. "Wewe? Wewe uliyetaka kitanda cha dirishani, ukataka redio, ukataka kiti cha mbele kila safari mpaka baba akawa ananipa mimi ramani nijisikie nina cheo? Nikasema safari hii nikupe mwenyewe kabla hujaninyang'anya. Nilidhani utafurahi."

Alitania, lakini mwishoni sauti ilipungua, na Mshonaji akaona kwamba mdogo wake alikuja na zawadi, amekaa na zawadi hiyo siku nzima, na kila alipotaka kuitoa ameambiwa ashike kitambaa. Akatafuta la kumcheka. Hakulipata.

"Ukinipa lote," akasema, "Jumapili utakuja kufuata nini?"

"Nitakuja kula."

"Muongo. Kabla ya gari ulikuja lini kula?"

Daktari alikuwa akivua glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Na mimi vile vile," akaendelea Mshonaji, na sasa maneno yalikuwa yakitoka yenyewe, hakuna jiriwa la kuyabana. "Mimi nilikuja kwako lini? Tulikaa mji mmoja, sijui hata mlango wako una rangi gani. Mtu akiniuliza nina ndugu, nasema ninaye mmoja, halafu naanza kuhesabu mara ya mwisho kukuona. Mimi nakupenda, we mtoto. Sitaki turudi kule. Gari lote sina kazi nalo. Mimi nataka nusu."

Mama, ndani ya gari, aliegemeza mikono yote miwili juu ya usukani.

Daktari aliinama akizikunja glavu zake. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na maji, na akayapangusa kwa mkono ulioshika glavu zenye grisi, akajichora weusi mpaka sikioni.

"Lakini nitalipeleka wapi, dada?" akasema. "Kutoka kwangu mpaka kazini ni kuvuka barabara."

"Livushe barabara."

"Asubuhi niwashe gari nivuke barabara, niliegeshe?"

"Na jioni ulivushe tena. Wiki yako ni wiki yako. Ulifanye unavyotaka, Jumapili uniletee hapa."

"Watu watanicheka."

"Ndiyo maana una dada. Ujizoeze."

Daktari akachukua ufunguo. Akamfungulia mama mlango, akamsaidia kushuka, akaingia yeye. Kisha akainama na kufungua mlango wa upande wa pili.

"Ingia," akamwambia dada yake.

"Wapi na mikono hii?"

"Ukaone mlango una rangi gani. Nitakurudisha."

Mshonaji akaingia, hakunawa wala hakuaga. Mama alibaki nje na kiti chake, akiwapungia mkono kama wanaosafiri mbali, ilhali wanakwenda mtaa wa nne. Daktari aliendesha taratibu, kwa kuwa pedi mpya hazitaki kukanyagwa kwa hasira. Walipofika kwenye kona akagusa breki, na gari likasimama kimya kabisa. Akatazama chini upande wa dada yake. Mguu wa kulia wa Mshonaji ulikuwa umekandamiza sakafu kwa nguvu zake zote.

"Huko hakuna breki, dada."

"Najua," akasema Mshonaji. "Wewe kanyaga zako."

Na mguu hakuuondoa.